Gari dogo au la kati? Bei ya kwenye kioo na bei ya miaka mitano

Mwenye bajeti ya kubana akianza kutafuta gari, kwa kawaida hujikuta amekwama kwenye majina mawili ya kampuni moja: Yaris au Corolla, Jazz au Civic, Polo au Golf, Mazda 2 au Mazda 3. La kwanza katika kila jozi ni gari dogo. La pili nitaliita la kati. Bei zimebandikwa kwenye kioo cha mbele, unatoa moja kwa nyingine, unaona tofauti, unaamua. Nimewahi kumiliki yote mawili kwa kufuatana, na hesabu hiyo ya kwenye kioo ilinidanganya kila mara. Gari dogo liligeuka kuwa ghali kuliko nilivyodhani. La kati, nililodhani nimeokota, lilinidai kwa miezi minne mfululizo.

Kwanza tujue tunalinganisha nini, maana mpaka wa makundi haya hautulii. Marekani hupima nafasi ya ndani, ya abiria pamoja na mizigo: kuanzia futi za ujazo 85 hadi chini ya 100 ni kundi dogo, na kuanzia 100 hadi chini ya 110 ni kundi linalofuata. Ulaya husema kundi B na kundi C. Lakini magari hunenepa kila kizazi. Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa na urefu wa takriban mita 3.7. Polo iliyotoka 2017, ambayo ndiyo mdogo wake, imepita mita 4.05. Buti la Polo hiyo linabeba lita 351. Buti la Golf ya kizazi cha sita lilikuwa na lita 350. Kwa hiyo mtu anayeacha Polo ya 2018 ili achukue Golf ya 2011 kwa sababu "anataka buti kubwa" anajisumbua bure. Tazama mwaka na vipimo, jina liweke pembeni.

Bei zinapopishana

Orodha za bei hutangaza ya chini kabisa: toleo tupu, gia za mkono, rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki. Gari dogo la namna hiyo kweli ni rahisi. Tatizo ni kwamba likikaa karibu na ndugu yake la toleo la juu, lenye skrini kubwa, kamera ya nyuma, taa za LED na rimu za aloi, mkono wa mnunuzi huvutwa. Kufikia hapo bei ya gari dogo la toleo la juu imeshaigusa bei ya gari la kati la toleo la chini, na wakati mwingine imeipita.

Mimi nilivutwa na rimu. Gari langu dogo la kwanza lilikuja limevaa za inchi 16, jeusi, likapendeza kweli. Miezi kadhaa baadaye tairi moja ilipasuka ubavu. Fundi wa tairi akachuchumaa, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma: 195/50R16. Akainuka. "Kaka, hii siweki dukani. Wenye gari kama hili wengi wanavaa 175/65R14. Yako mpaka niagize."

Zile namba zina maana ambayo mfuko unaisikia. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 175/65 ina ubavu wa karibu milimita 114. 195/50 ina karibu 98. Hizo milimita 16 za mpira zilizopungua ndizo zilizokuwa zikilinda rimu kila gurudumu linapotumbukia shimoni. Nikawa nalipa tairi za bei ya gari la kati, na rimu yangu moja ikapinda, huku ndani bado nakaa kwenye gari dogo. Ukiamua gari dogo kwa ajili ya bajeti, chukua toleo la chini au lile linalofuata. Uzuri wote wa gari dogo kifedha uko huko chini.

(Hali ni hiyohiyo kwa yale magari madogo yaliyoinuliwa yakaitwa SUV. Yaris Cross ni jamaa wa Yaris, T-Cross ni jamaa wa Polo. Unalipia kimo na umbo. Kama njia yako inahitaji kimo, sawa. Kama haihitaji, ile nyongeza ingekufikisha kwenye gari la kati.)

Mkopo ndipo hesabu inapopindishwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona watu wengi wakichukua gari ambalo bajeti yao ilishalikataa. Muuzaji mzoefu hakuulizi una kiasi gani. Anakuuliza unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi.

Chukua gari dogo la bei ya 100 na gari la kati la bei ya 130. Ongeza sifuri za sarafu yako mwenyewe. Mkopo ni wa bei yote, riba asilimia 15 kwa mwaka inayopigwa kwenye salio linalobaki. Matokeo ni haya:

Gari dogo, miaka 4: rejesho la mwezi 2.78, jumla yote 133.6.
Gari la kati, miaka 4: rejesho la mwezi 3.62, jumla yote 173.7.
Gari la kati, miaka 7: rejesho la mwezi 2.51, jumla yote 210.7.

Soma mstari wa tatu tena. Gari kubwa zaidi, ghali zaidi, na rejesho la mwezi ni dogo kuliko la gari dogo. Mtu anatoka pale akiwa na furaha kwamba amepata Corolla kwa pesa pungufu ya Yaris. Ukweli ni kwamba atalipa 77 zaidi, yaani zaidi ya robo tatu ya gari dogo jingine. Akitaka kuliuza mwisho wa mwaka wa tano atakuta bado anadaiwa karibu 52, na gari lenyewe kwa wakati huo limekula kilomita za miaka mitano.

Kwa hiyo magari mawili yanalinganishwa kwa muda mmoja wa mkopo, hata kama muuzaji anakuletea karatasi mbili zenye miaka tofauti. Kama gari la kati halilipiki kwa miaka minne au mitano, basi bei yake haijafika kwako. Na ukinunua kwa fedha taslimu, sehemu hii yote iruke.

Mafuta, tairi, oili

Watu hupenda kuanza na mafuta, na kweli ndipo gari dogo linapojitetea vizuri. Chukulia gari dogo lenye injini ya 1,300 cc linakula lita 5.5 kwa kilomita 100, na la kati la 1,800 cc linakula 6.8. Ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, tofauti ni lita 195. Kwa miaka mitano ni lita 975. Zidisha kwa bei ya lita moja unakojazia, uiandike kwenye karatasi, uiweke kando.

Lakini hiyo 5.5 ina masharti. Mjini, kwenye foleni na safari za dakika kumi, gari dogo jepesi linafaidi kila linaposimama na kuondoka. Barabara kuu, watu wanne ndani, mizigo nyuma na mlima mbele, injini ndogo inakanyagwa hadi chini na pengo linasinyaa. Nimewahi kwenda safari ya siku mbili na gari dogo la cc 1,000 likala mafuta sawasawa na la kati la shemeji yangu lililokuwa nyuma yetu, tena yeye akiwa anaongea na abiria wake kwa sauti ya kawaida, sisi tunapigiana kelele.

Tairi nimeshazisema. Oili haina neno: injini ndogo ya Toyota ya 1,500 cc ya kizazi cha 1NZ inachukua lita 3.7, na ile ya 1,800 cc ya 2ZR inachukua 4.2. Nusu lita haimfilisi mtu. Chujio na plagi ni karibu bei moja. Breki za gari la kati ni kubwa kidogo na pedi zake hupanda kidogo. Usipoteze jioni nzima kwenye vitu hivi.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: katika familia moja, magari haya hushirikiana viungo kuliko matangazo yanavyosema. Corolla Axio iliyotoka Japani mwaka 2012 inaitwa Corolla, lakini imejengwa juu ya msingi wa kundi la Vitz (ndiyo Yaris kwa jina la Japani), na Axio nyingi za 1,500 cc za kabla yake zilibeba injini ileile iliyofungwa pia kwenye Vitz za 1,500. Hapo gharama za fundi zinakaribiana sana, na unachonunua kwa ile nyongeza ni buti refu na mkia. Golf ya kisasa na Polo zimeachana zaidi. Kabla ya kulinganisha gharama za matengenezo, uliza injini na giaboksi ni za aina gani. Gari dogo lenye giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) na gari la kati lenye gia za mkono yanaweza kukupa bili zilizopinduka kabisa kinyume cha ukubwa wake.

Bima na bei ya kuuzia

Bima kubwa kwa kawaida hupigwa kama asilimia ya thamani ya gari. Gari likizidi bei kwa asilimia 30, bima yake nayo inazidi kwa kiasi hicho, na hii hulipwa kila mwaka. Kwa mfano wetu, asilimia 4 ya 100 ni 4, na ya 130 ni 5.2. Kwa miaka mitano, huku thamani ikishuka, tofauti inajikusanya kufika kama 5. Ukikata bima ndogo pekee, magari haya mara nyingi hayapishani sana, ingawa sehemu nyingine wanapanga kwa ukubwa wa injini.

Bei ya kuuzia huenda upande wa pili, na wanunuzi wa mara ya kwanza huisahau kabisa. Tuseme baada ya miaka mitano gari dogo limeuzwa 55 na la kati 75. La kwanza limekugharimu 45, la pili 55. Pengo la 30 lililokutisha kwenye kioo limebaki 10. Ongeza zile lita 975, ongeza bima, ongeza seti moja au mbili za tairi, na utaona kwamba pesa halisi za kuchagua kati ya magari haya ziko kwenye uendeshaji wa kila siku. Namba za 55 na 75 nimezitunga kwa mfano tu. Za kwako zitafute kwa kuangalia leo gari lilelile la miaka mitano iliyopita linauzwa ngapi. Kazi ya nusu saa. Kuna magari ya kati yanayoshuka thamani kama jiwe kwenye kisima, na kuna madogo yanayogombaniwa hadi uzeeni, hasa yale ambayo kila fundi anayajua.

Upande wa magari mapya kuna jambo jingine linalosukuma bei: madogo yanapungua. Ford Fiesta, iliyoanza kuuzwa 1976, ilisimamishwa kutengenezwa 2023. Honda Fit (ndiyo ile Jazz) na Toyota Yaris zote zilitoka kwenye soko la Marekani baada ya mwaka wa modeli 2020. Kampuni hupata faida nyembamba kwenye gari dogo, na wateja wengi wamehamia kwenye yale yaliyoinuliwa. Pale ambapo chaguo limebaki moja au mawili, punguzo ni gumu kupata, na gari dogo jipya linaweza kusogea karibu mno na la kati. Hapo sioni sababu ya kulichukua, isipokuwa maegesho yako ni finyu.

Pesa ileile, umri tofauti

Kwa wengi wetu swali lenyewe hasa ni hili: kwa fedha niliyo nayo, nichukue gari dogo la miaka mitatu lililotembea kilomita 40,000, au la kati la miaka saba lililotembea 110,000? Bei moja. La pili limetulia barabarani, viti vipana, mlango unajifunga kwa sauti nzito ile inayomfanya mtu atabasamu.

Nilichukua la pili. Mwezi wa kwanza shokapu za mbele zikaanza kulia. Fundi alipolinyanyua akanionyesha bushi za mikono ya chini zimechanika, akaingiza bisibisi katikati na kuizungusha bila hata kutumia nguvu. Mwezi wa pili tairi mbili. Mwezi wa tatu kifaa cha kupoza injini kikaanza kuvuja kwenye unganiko la plastiki. Mwezi wa nne betri. Hakuna kilichokuwa cha ajabu. Ni vitu ambavyo gari lolote huanza kuomba likipita kilomita laki moja. Aliyeniuzia hakunidanganya kwa neno hata moja, aliliuza tu kabla ya zamu yake ya kulipa kufika.

Silijutii gari lile. Lilinibeba miaka mingine mitano baada ya hapo bila kelele. Nilichokosea ni kumaliza pesa zote siku ya kununua. Ukichagua la kati la umri mkubwa, tenga pembeni angalau asilimia 15 ya bei kwa mwaka wa kwanza. Hicho ni kipimo changu mwenyewe, nilichokipata kwa njia ya maumivu. Kama ukitenga hiyo bajeti inakatika, basi gari dogo la miaka mitatu ndilo lako, na usione haya. Pia uliza kama injini inatumia mkanda wa taimingi au mnyororo. Mkanda kwa magari mengi huhitaji kubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na gari linalouzwa likiwa na 95,000 bila risiti ya kazi hiyo lina bili iliyofichwa chini ya boneti.

Usalama

Nitapita haraka, lakini nyota zinasomwa vibaya sana. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, waliotoa matokeo yao ya kwanza mwaka 1997, wenyewe wanasema nyota zao zinalinganisha magari ya kundi moja la ukubwa na uzito. Gari dogo la kilo 1,000 lenye nyota 5 likigongana uso kwa uso na la kilo 1,300 lenye nyota 5, jepesi ndilo linaloumia zaidi. Fizikia haijali nyota. Pia nyota huzeeka: Fiat Punto ilipata nyota 5 mwaka 2005, na ilipopimwa tena 2017 kwa vigezo vipya ikapata sifuri. Hivyo gari dogo la miaka ya karibuni, lenye mifuko ya hewa ya pembeni na mfumo wa kulizuia lisiteleze, linaweza kukulinda vizuri kuliko la kati la zamani. Uzito unasaidia la kati, umri unasaidia dogo. Ukiwa na familia na unasafiri sana barabara kuu zenye malori, mimi ningeegemea uzito, mradi gari lisiwe la kale.

Nani anakaa nyuma

Hapa hakuna namba, kuna magoti. Weka kiti cha dereva unavyokaa wewe, kisha hamia nyuma ya kiti hichohicho. Katika magari mengi madogo mtu wa mita 1.80 hataweza kukaa nyuma ya mwenzake wa kimo hicho kwa saa nzima. Kwa watoto wa shule, hakuna shida.

Mtoto mchanga ndiye anayebadilisha hesabu. Kile kiti chake kinachotazama nyuma kinachukua nafasi kuliko mtu mzima. Tulipokifunga kwenye gari dogo nyuma ya kiti cha abiria, mke wangu alilazimika kusogeza kiti chake mbele hadi magoti yakagusa dashibodi. Akaniangalia tu, hakusema kitu. Tukazunguka kwenye gari la kati, tukafunga palepale, akakaa na kuvuka miguu. Sijawahi kuona mjadala wa bei ukiisha upesi namna ile. Kuna wachache wanaovunja kanuni: Honda Jazz huweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, hivyo nyuma pana nafasi ya ajabu na viti vyake hukunjwa kwenda juu ukaweka hata chungu cha mti kikiwa kimesimama. Kwa mtu anayetaka bei ya gari dogo na nafasi ya la kati, hilo ndilo ninalolitaja kwanza.

Kama ningekuwa na mfuko wa kubana leo, niko peke yangu au sisi wawili, safari zangu za mjini: gari dogo la miaka miwili hadi minne, toleo la chini, injini ya 1,300 au karibu na hapo, tairi za inchi 14 au 15. Kama kuna mtoto mdogo na barabara kuu kila wiki: la kati la miaka mitano au sita, lenye rekodi ya sevisi, na ile asilimia 15 ikiwa benki. Gari dogo jipya la toleo la juu ningeliacha hapohapo linapong'aa.

Kabla ya kutoa hela, omba kulijaribu gari likiwa na watu wanne ndani, kiyoyozi kimewashwa, kwenye mlima mrefu kuliko ule muuzaji anaokupeleka. Ikibidi uzime kiyoyozi ndipo gari lipate nguvu, injini hiyo ni ndogo kwa maisha yako. Usirukie gari la kati papo hapo. Uliza kwanza kama wanalo lilelile dogo lenye injini inayofuata.